TAHARIRI: SHIMO LA CHEMCHEMI HALINA MCHAWI



Tangu yule ndama akutwe amekufa kule shimoni chini ya chemchemi, maneno yamezidi vilabuni. Wengine wameanza kutaja majina ya wazee. Jamani, acheni mara moja. Kinachoua pale ni hewa.

Maji yale yanatokota lakini ni baridi, nani hajachovya mkono? Kinachotokota ni gesi ya kabonidayoksaidi, ile ile ya kwenye soda. Inapanda kutoka chini kabisa, kwenye moto wa milima yetu hii ya Rungwe na Kyejo, inakutana na maji ya mvua yaliyozama ardhini na kuyeyuka humo. Maji yakichomoza nje, gesi inafumka kama chupa iliyofunguliwa. Hapo hapo Kyejo huvunwa ikauzwa viwandani. Sasa mchawi gani huyo mwenye wateja wa soda?

Ubaya wake ni uzito. Inaizidi hewa ya kawaida mara moja na nusu, haina rangi wala harufu, basi hutuama shimoni kama maji. Usiku usio na upepo hujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma hupungua. Ikifika sehemu 10 katika 100 za hewa, mtu huzimia kwa dakika chache. Ikipita 30, hata dakika haiishi. Kuku na mbwa hutangulia, halafu mtoto, maana pua yake iko karibu na ardhi. Kule Goma, Kongo, mahali pa namna hii huitwa mazuku. Kameruni, mwaka 1986, gesi hii ilifumka usiku kutoka Ziwa Nyos ikaua watu wapatao 1,700. Yetu ni kidogo sana, ila kwa mtoto anayeinama kuokota ndege aliyekufa, inatosha.

Mtu akianguka mle, usishuke kumfuata, hata akiwa mwanao. Utalala naye. Piga kelele, mvute kwa kamba au mti mrefu ukiwa juu. Na nyie mnaopima kwa kibatari: kikizimika, umeshachelewa.

Kamati imekubali uzio. Jumamosi saa nne, siyo alfajiri, kila kaya ilete miti miwili na kamba. Tutajenga ukingoni juu, hakuna kushuka. Watoto wabaki nyumbani.