Faraja ya Mungu Wakati wa Taabu

Wazee wetu hunena kwamba baada ya dhiki faraja. Neno hilo ni jema, lakini mimi naona ya kuwa Mkristo hana haja ya kungoja mpaka dhiki ipite ndipo afarijike. Faraja ya Mungu huja dhiki ingalipo. Napenda kuyaeleza maoni yangu kwa mambo ya huku kwetu, maana sisi wa Masumbwe twaishi baina ya mashamba ya mpunga na maduara ya dhahabu, na taabu twazijua.

Tarehe 5 Oktoba 2015, huko Nyangalata, wilaya ya Kahama, duara liliporomoka na wachimbaji sita wakabaki chini ya ardhi. Walikula mizizi, mende na vyura, wakanywa maji ya humo humo shimoni. Mmoja wao alifariki. Watano walitolewa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, wakati watu wengi walipokuwa wamekwisha kukata tamaa. Wachimbaji wenzao ndio waliosikia sauti zao, wakawafikia.

Habari hii ikitajwa, watu husema upesi, "Mungu aliwaokoa." Nami naitikia, Amina. Lakini yule wa sita, je? Tena Januari 2024, wilayani Bariadi, wachimbaji 22 walifukiwa na kifusi wakafa. Je, katika nyumba zile zote hapakuwa na mtu wa sala? Tukifundisha kwamba Mungu yupo pale tu mtu anapotoka hai, tutawaambia nini wajane na yatima? Kuwapo kwa Mungu si hirizi ya kuzuia udongo usianguke. Ahadi aliyotupa ni kwamba hatatuacha peke yetu, awe mtu ametoka shimoni au hakutoka.

Sisemi hayo kwa kusoma tu. Baba yangu alikuwa mwanaapolo, naye alifia duarani nilipokuwa kidato cha pili. Tulisali tangu asubuhi mpaka alipotolewa, wala sala zile hazikumrudisha. Walakini mzee mmoja wa kanisani kwetu alikuja akakaa nasi siku tatu bila maneno mengi. Jirani yetu, mama Mwislamu, alileta uji kila alfajiri. Niliporudi bwenini nilikuta mwenzangu amekwisha kuninakilia masomo yote ya wiki mbili kwa mkono wake. Hakuna aliyenieleza sababu ya kifo kile. Hata hivyo sikuona kwamba Mungu amenitupa, kwa kuwa kila siku mtu fulani alikuwa akinijia.

Someni kitabu cha Ayubu. Rafiki zake walipokuja waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wakanyamaza. Hapo walifanya vyema. Waliharibu walipofungua vinywa na kuanza kutafuta kosa lake. Sisi nasi tuna desturi hiyo. Msiba ukitokea, wengine hukimbilia kwa mpiga ramli kuuliza nani ameroga. Mikoa ya Shinyanga na Geita imekwisha kuona matunda ya swali hilo: vikongwe wameuawa kwa ajili ya macho mekundu, ambayo aghalabu ni kazi ya moshi wa jikoni, na ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kama wanyama. Mtu anayetafuta faraja kwa Mungu hahitaji damu ya jirani ili apate usingizi.

Mfano mwingine ni nabii Yeremia, aliyetupwa katika shimo la matope. Mungu hakutuma malaika. Alikuja Ebedmeleki Mkushi, Mwafrika kama sisi, pamoja na watu thelathini. Alimteremshia kamba na matambara makuukuu, akamwambia ayaweke makwapani ili kamba zisimchubue. Mimi hupenda sana habari ya matambara yale. Ebedmeleki aliyafikiri hata makwapa ya mfungwa, na kwa mikono ya mtu wa namna hiyo Yeremia alijua kwamba hakusahauliwa.

Basi, asiseme mtu kwamba kumtegemea Mungu ni kukaa bure. Mchimbaji asali, kisha ayakague matimba yanayoshikilia duara, na mvua kubwa ikinyesha asishuke. Mwenye duara ambaye huomba baraka lakini huona uchungu kununua miti ya matimba anamjaribu Mungu kwa roho za wenziwe.

Kwetu shuleni pia liko la kutenda. Mwanafunzi akiletewa habari ya msiba, huambiwa, "Ni mapenzi ya Mungu, jikaze," halafu kila mtu huenda zake. Naomba tuiache desturi hiyo. Wenziwe wawili wakae naye usiku ule wa kwanza. Kiranja amwarifu mwalimu mapema. Mmoja amwandikie masomo atakayokosa, hasa sisi wa kidato cha nne tunaoukabili mtihani wa taifa. Nanyi wazazi, msimfiche mtoto habari mpaka mtihani uishe, akaja kujua kwamba amezika wote ila yeye. Kazi hizi hazina dhehebu. Shule yetu ni ya serikali, na wenzetu Waislamu wamekuwa wakituonyesha njia mara nyingi.

Nami nawaambia Wakristo wenzangu: tukiwa katika taabu tusali bila haya, hata kwa kulia, maana Bwana Yesu mwenyewe alilia katika msiba wa Lazaro. Na siku ambayo taabu si yetu, tumwendee aliye nayo. Huenda amekuwa akimwomba Mungu aje, na mlango utakapobishwa, awe ni wewe.