Mitishamba bila daftari hupotea bila habari

Katika miaka ya 1960, daktari kutoka Norway, Lorents Gran, alifanya kazi nchini Kongo na kuona wajawazito waliofikia kujifungua wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili uchungu usichelewe. Aliuchunguza mmea huo, na ndani yake ikapatikana peptidi, yaani kipande kidogo cha protini, ambayo haikuharibika hata baada ya kuchemshwa. Mwaka 1995 watafiti wa Norway na Australia walieleza sababu. Mnyororo wake wa asidi amino 29 umeungana ncha kwa ncha ukawa mduara, kisha ukakazwa kwa vifungo vitatu. Vimeng'enya vinavyotafuna protini kuanzia kwenye ncha havipati pa kuanzia.

Leo jina kalata limo katika vitabu vya sayansi duniani kote. Kwa akina mama wa Kongo waliokuwa na ujuzi huo, limebaki kuwa jina la majani tu.

Jambo hili linamhusu mfanyabiashara wa Mpondwe, Goma, Busia au Namanga kuliko anavyodhani. Magunia ya mizizi, magome na majani makavu huvuka mipaka hiyo kila siku na kuuzwa kwa bei ya kilo. Wakati huohuo, peptidi za mduara zinatafutwa kwa bidii na watengenezaji wa dawa, zikiwemo za saratani.

Mfano uliokwisha kufika hospitalini ni romidepsini. Ilitokana na bakteria aliyepatikana katika udongo wa mkoa wa Yamagata, Japani, na watafiti wa kampuni ya Fujisawa wakaitangaza mwaka 1994. Mwaka 2009 Marekani iliidhinisha itumike kutibu aina ya limfoma inayoshambulia ngozi. Hutolewa kwa dripu, na si dawa ya kila saratani.

Inavyofanya kazi inaeleweka kwa lugha ya ghala. Ndani ya seli, uzi wa vinasaba umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Uzi ukilegea, jeni husomeka. Ukikazwa, jeni hunyamaza. Katika baadhi ya saratani, jeni za kuzuia seli zisizaliane ovyo zimo, tena nzima, ila zimefungiwa. Mali ipo, mlango una kufuli. Romidepsini huzuia kimeng'enya kinachokaza uzi huo, na baadhi ya jeni zilizonyamazishwa huanza kusomeka tena. Hii ndiyo njia ya epijenetiki: jeni haibadilishwi, hufunguliwa.

Udongo wa Yamagata na majani ya Kongo vyote vilikuwa mali ghafi. Tofauti ni kwamba Wajapani walikuwa na maabara, hati na kampuni ya nyumbani. Hata utafiti ulipohamia Marekani, walikwenda mezani wakiwa na jina lao kwenye karatasi. Wakongo hawakuwa na karatasi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari hilo sasa linawezekana. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inataka anayechukua mmea, kijidudu au ujuzi wa jadi kwa utafiti apate kibali kwanza na akubaliane na wenyewe jinsi faida itakavyogawanywa. Nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeiridhia. Kenya ilionyesha mwaka 2007, kabla ya itifaki hiyo, kwamba mapatano ya aina hii yanawezekana, pale Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipotia saini na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu vijidudu vya hifadhi zake.

Lakini mmea haujui mpaka. Uleule unaoota Kivu huota pia magharibi mwa Uganda, na mnunuzi akibanwa upande mmoja huhamia wa pili. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya mwaka 2022, hakuna tena kisingizio cha kila nchi kuwa na fomu yake. Mawaziri wa Jumuiya waweke kibali kimoja cha sampuli za utafiti kinachotambulika katika kila kituo cha forodha, na daftari moja la ujuzi wa waganga na jamii zao. Maabara nazo zisisahaulike. Taasisi ya Saratani ya Uganda, Kampala, tayari imeteuliwa kuwa kituo cha umahiri cha Jumuiya katika saratani. Ipewe fedha na jukumu la kupima mimea yetu, si kusubiri majibu kutoka ng'ambo.

Wafanyabiashara nao wana wajibu. Anayeuza mizizi aandike ilikotoka na aliyeichuma, na mnunuzi mgeni anayetaka kilo mbili za "sampuli" aulizwe kibali. Zaidi ya hapo, asiuze gunia lolote kwa jina la dawa ya saratani. Kati ya bakteria wa Yamagata na dripu ya hospitali kulikuwa na miaka 15 na zaidi ya kupima kipimo, sumu na faida. Kalata yenyewe husukuma mji wa mimba, hivyo mjamzito akiinywa bila mwangalizi anaweza kudhurika. Mgonjwa anayeacha kliniki kwa ahadi ya muuza majani hupoteza miezi ambayo uvimbe hautamrudishia.

Mmea una thamani pale tu unapopimwa na mwenyewe anapojulikana. Bila hayo mawili, Afrika Mashariki itaendelea kuuza kwa kilo na kununua kwa miligramu.