Mfamasia Mzoefu Asiishie Kaunta



Mfamasia aliyechoka kaunta ana njia nyingine: ukaguzi katika Mamlaka ya Dawa ya Taifa, iliyoundwa mwaka 1993, au kiwanda cha Luzira, Kampala, kinachotengeneza dawa za malaria na UKIMWI. Kazi nzuri, lakini zote hutazama Kampala.

Sisi wa Dranya twataka njia nyingine. Dozi ya malaria ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3. Mwenzetu mwenye pesa haba hununua nusu, na muuzaji humkatia bila neno. Wilaya ya Koboko imwajiri mfamasia mzoefu azunguke madukani, awafundishe wauzaji. Naye alipwe mshahara kamili na posho ya safari, maana shukrani haziliki.