Aliyepunguza tumbo naye ni mgonjwa

Wanawake wanaofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo tunao mijini kwetu, na mimi ninayefunga vidonda kwa kazi hukutana nao mambo yanapoharibika. Wengi hufika wamechelewa, na kilichowachelewesha ni aibu. Jirani, wifi, hata baadhi yetu wauguzi, huwaambia, "Si ulijitakia mwenyewe?" Kauli hiyo naipinga kwa sababu inaumiza watu.

Upasuaji huu ni mkubwa. Mkato hutoka nyonga moja hadi ya pili. Ngozi na mafuta yake hubanduliwa kwenye misuli hadi karibu na mbavu, huvutwa chini, ya ziada hukatwa, kisha hushonwa. Mishipa midogo iliyokuwa ikipenya misuli kuilisha ngozi hiyo hukatwa, damu ikabaki kuingilia pembeni. Sehemu ya katikati, chini ya kitovu, ndiyo iliyo mbali na damu na ndiyo inayovutwa zaidi. Hapo ndipo ngozi hufa na mshono kuachia, mara nyingi mgonjwa akiwa keshaondoka hospitali.

Mvuta sigara au shisha ana hatari zaidi, maana nikotini hubana mishipa. Ndiyo maana wapasuaji humtaka aache angalau wiki 4 kabla, na asirudie kwa wiki nyingine kama hizo baadaye. Kisukari, unene uliozidi na upungufu wa damu navyo huchelewesha kupona. Tena wapo wanaoshinda na chai ya rangi na matango wakiogopa tumbo litarudi, ilhali kidonda kinataka mayai, dagaa na maharage ili kijenge nyama mpya.

Anayejificha hujitibu. Nimeosha vidonda vilivyojazwa unga wa kapsuli za rangi mbili, na vingine vilivyomwagiwa spiriti kila asubuhi hadi nyama changa ikaungua. "Sista, naomba mume wangu asijue," aliniambia mama mmoja. Nikamjibu, "Mama, hapa tunafunga kidonda tu." Kilichukua miezi kujaa, nacho kilianza kama tundu dogo ambalo maji ya chumvi na gozi safi vingelitosha.

Kwa hiyo nawaomba wapasuaji waseme kabla ya kupokea malipo: kidonda kinaweza kuchelewa, nani atakifunga, na kwa gharama ya nani? Bei inayoishia siku ya kutoa nyuzi haijakamilika. Anayekwenda India au Uturuki arudi na taarifa ya upasuaji mkononi, na awe na daktari wa hapa aliyekubali kumpokea. Ndugu wakiona homa, usaha, harufu au ngozi iliyobadilika rangi, wampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mguu mmoja ukivimba au pumzi ikimkatika, ni dharura: huenda damu imeganda kwenye mishipa.

Nasi wauguzi tumpokee kama tunavyompokea aliyejifungua kwa upasuaji. Wengi wao ni wazazi; ngozi iliyolegea na misuli iliyoachana wameipata kwa kubeba mimba. Swali letu la kwanza liwe kidonda kimeanza lini. Sababu ya kukatwa ni yake mwenye tumbo.