Kilo Ngapi Zatoka Tanuruni?



Mwenye tanuru alitia ndani kilo 100 za jiwe la chokaa. Moto ulipokwisha, alichambua chokaa iliyoiva, akaipima, akapata kilo 42 tu. Akipiga kelele: «Kilo 58 zimeibiwa!», atawalaumu watu wasio na kosa. Afadhali ashike kalamu kwanza.

Jiwe la chokaa, kama lile la Kakontwe karibu na Likasi, lina vitu viwili vilivyoungana: chokaa yenyewe, na hewa iitwayo kaboni dioksaidi. Moto ukifika karibu digrii 900, hewa ile hujitenga na kutoka pamoja na moshi. Jiwe likiwa safi, kilo 100 hutoa kilo 44 za hewa na kilo 56 za chokaa. Likiwa na udongo, uzito wa udongo utolewe kwanza katika hesabu. Hata fundi hodari hawezi kupita kipimo hicho.

Basi tusilinganishe 42 na 100, bali na 56. Tugawe 42 kwa 56, tuzidishe kwa 100: jibu ni 75. Ndiyo mavuno ya kazi yake: 75 kwa mia.

Zimebaki kilo 14 za kutafuta. Mara nyingi zimo katika mawe makubwa ambayo moto haukupenya ndani yake. Jaribuni kipande kwa maji: chokaa iliyoiva huchemka na kuwa unga, jiwe bichi hukaa vile vile. Lakini yalindeni macho na mikono, maana chokaa huunguza. Mtu huyu akiokota kilo 25 za jiwe bichi, hesabu imetimia, kwa kuwa kilo hizo zingetoa chokaa kilo 14 barabara. Hakuna mwizi, mawe yapasuliwe madogo, yachomwe tena. Akikuta pungufu, ndipo aulize habari za unga uliomwagika au uliochukuliwa.

Na yule apimaye vyote pamoja, kilo 67, asijisifu kwamba amepita 100 kwa mia. Amepima jiwe bichi, akaliita chokaa. Atakayeinunua ndiye atakayepata hasara.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kila mchomapo, andikeni uzito wa jiwe, wa chokaa, na wa mabaki. Kisha hukumuni.