Taa ya Mama Giakanja

Msomaji, ukitaka kujua taa moja ina nguvu kiasi gani, jaribu kupiga picha ya kimondo.

Desemba 14, 2023, nilimpeleka kifungua mimba wangu kwa mama huko Giakanja, Nyeri. Shule zilikuwa zimefungwa, mwezi mchanga ulikuwa umetua mapema, na vimondo vya Geminidi vilikuwa vinafikia kilele usiku huo. Huja kila Desemba, dunia inapokatiza kwenye vumbi lililoachwa na jiwe la angani liitwalo Phaethon. Chembe huingia hewani kwa kasi ya kilomita 35 kwa sekunde na kuwaka. Penye giza totoro mtu aweza kuhesabu zaidi ya 100 kwa saa.

Giza lenyewe sasa! Mama ana taa kubwa ya usalama juu ya zizi, nayo haijazimwa usiku tangu ng'ombe wake aibwe. Kijana aliweka simu juu ya kigoda, akaiegemeza kwa mfuko wa maharagwe, akaacha lenzi wazi sekunde 20. Picha ikatoka nyeupe kama maziwa.

"Shosho, tuzime taa kidogo," akaomba.

"Na wezi wakija, utawapiga picha?"

Nilinyamaza. Mimi hulala Nairobi penye askari langoni. Yeye hulala pale peke yake.

Saa saba usiku alitoka mwenyewe, blanketi mabegani na panga mkononi, akazima taa. Akaketi mlangoni pa zizi. "Nawapa saa moja."

Loo, nyota zilivyojitokeza! Kijana akaelekeza simu kaskazini, juu ya paa la zizi. Kimondo hakifukuzwi, maana ukikiona kimeshapita. Simu huachwa tuli ikipiga picha mfululizo, ukiomba kimoja kikatize mbele yake. Sekunde zikizidi 30 nyota huanza kuvuta mikia. Umande wa Nyeri nao hauna huruma; tulifuta lenzi kwa leso mara kwa mara.

Picha 150, vimondo viwili. Cha kwanza ni uzi mwembamba tu, wala usingekiona bila kuonyeshwa. Cha pili kimepasua anga juu ya zizi, na chini yake kuna umbo la mama na panga yake, ameinua uso.

Aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama saa imekwisha, na kabla hatujamjibu akawasha taa.