Al-Jahiz na Lugha ya Wasionena

Wengi wetu tuliosoma shule za Riyadh na Jeddah tunamjua Al-Jahiz wa Basra kwa visa vyake vya mabahili, basi. Alifariki mwaka 255 Hijria, yaani 868 au 869. Leo safu yetu inafungua kitabu chake kinene zaidi, Kitab al-Hayawan, chenye juzuu saba kuhusu wanyama.

Mwanzoni tu anagusa jambo letu wanafunzi wa lugha: nani hasa aitwe asiyesema? Kwa Kiarabu binadamu huitwa fasihi, na mnyama aajam, asiyetamka. Al-Jahiz anaupokea mgawanyo huo, kisha anautoboa. Farasi, punda, mbwa, paka na ngamia, asema, tunaelewa mengi wanayoyataka, kama tunavyomwelewa mtoto mchanga kitandani. Njia za kubainisha maana kwake ni nne: neno, maandishi, ishara, na kuhesabu kwa vidole. Halafu anaongeza ya tano, hali yenyewe ya kitu, inayosema bila ulimi. Ngamia akikataa kuinuka, mchungaji haombi maelezo.

(Neno aajam ndilo ndugu wa Ajemi yetu. Na hayawani, ambalo kwetu ni tusi, limebeba uhai ndani yake, sawa na hayati.)

Wapokezi wanasimulia kwamba babu yake Al-Jahiz alikuwa mtu mweusi, mwendesha ngamia. Mjukuu aliandika risala nzima kuwatetea weusi, na humo akawasifu Wazanji, watu wa pwani ya mababu zetu, kwa wepesi wa ulimi. Lakini ndani ya Kitab al-Hayawan Wazanji hao hao wanatukanwa waziwazi. Mtu aliyemsikiliza hata paka! Wako wanaosema alipenda kutetea kila upande wa hoja, na kweli ndiyo tabia yake. Sisi haijaturidhisha. Kumsikia asiye na ulimi ni rahisi kuliko kumsikia mwenye ulimi usioujua.

Tuseme na ya nyumbani. Bibi anauliza kwa Kiswahili, mjukuu anajibu kwa kichwa, au kwa Kiarabu. Wageni humwita mjukuu huyo bubu wa Kiswahili, ilhali ameelewa kila neno, na chai imeshaletwa. Walimu wetu, mnapotupima kwa insha na mazungumzo peke yake, huyu mnampa alama gani?